Madoa ya Akiba

“Namba si mtoto, Mama Kulwa!”

“Umeshasema hivyo mara tatu, Daktari. Jibu swali langu.”

“Swali lipi?”

“Kishimo kiko wapi?”

Daktari Nyagawa hakuitazama skrini. Alikuwa mkuu wa Jumba la Miale, mtu mzima mwenye mvi, na kwa miaka kumi na moja niliyofanya kazi chini yake sikuwahi kumwona akikwepa ramani. Siku hiyo alitazama dirisha. Nje, ukungu wa Makambako ulikuwa bado umekalia miti ya miwati ingawa ilikuwa saa saba kasoro.

Nilikuwa nimeweka ramani mbili pamoja kwenye skrini kubwa. Ya kushoto niliitia saini mwaka mmoja na nusu uliopita. Wavu wa buluu unafuata protini vizuri, na katikati kuna kishimo, safi, kimekaa kama ndani ya kiatu. Dawa ya Tegemeo ilishonwa iingie humo kama mguu. Ya kulia niliimaliza juzi, kwa madoa yaleyale ya fuwele ileile. Katikati yake hapakuwa na kishimo. Palikuwa na vipande vipande vya buluu, kama ukungu wa dirishani.

“Kosa la akiba ni ngapi?” aliuliza hatimaye.

“Arobaini na tatu.”

“Tulitia saini ishirini na mbili.”

“Nilitia saini mimi. Wewe uliidhinisha.”

Alikaa chini. Kiti kililia.

Nieleze kwa kifupi, maana watu wengi hudhani tunapiga picha. Hatupigi picha. Tunachukua protini ya mtoto mwenye mlegeo, ugonjwa wa misuli kulegea, tunaiotesha iwe fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi, tunaipiga eksirei, na kigunduzi kinatupa madoa. Kila doa ni wimbi. Wimbi lina ukubwa wake, na lina wakati wake wa kuanza. Kigunduzi kinapima ukubwa tu. Ni kama uambiwe kila mwanakwaya aliimba kwa sauti ya kiasi gani, usiambiwe nani aliingia lini. Wimbo utaujuaje? Unakisia. Programu inaazima nyakati kutoka kwenye protini nyingine inayofanana, inachora ramani, inarekebisha kisio, inachora tena. Mara mia, mara elfu. Hatari yake ni kwamba nyakati za kuazima zina nguvu kuliko vipimo vyako. Ukianza na kisio chenye kishimo, ramani itakuonyesha kishimo. Programu haidanganyi. Inakurudishia ulichoipa.

Ndiyo maana kuna akiba. Katika kila madoa mia, matano yanafichwa kabla ya kazi kuanza, na programu haiyaoni. Mwishoni unaiuliza: kwa muundo huu uliojenga, yale yaliyofichwa yangekuwa na mng'ao gani? Ikikisia karibu na ukweli, umepata protini. Kosa likiwa chini ya asilimia ishirini na tano, dawa inashonwa. Likipita arobaini, umechora unachokitaka. Sheria inataka kila jumba liwe na mtunza akiba mmoja, aliyesomea na kula kiapo. Yeye ndiye hutia saini muundo, na yeye peke yake ndiye anayeweza kuuondoa. Pale Makambako ni mimi, Tusajigwe Mwakalinga, stashahada ya fizikia, mama wa Kulwa na Doto.

Baada ya mazishi ya Kulwa watu walianza kuniita Mama Doto, kwa huruma. Daktari hakubadilisha. Nilimshukuru kwa hilo, hata siku ile nilipokuwa namkoromea.

“Akiba ilivujaje?” aliuliza.

“Unajua ilivyovuja.”

“Nataka kusikia kwako.”

“Fuwele ilikuwa pacha.”

Hutokea. Fuwele mbili zinaota zimeshikana mgongo kwa mgongo, na kwa macho unaona moja. Kwenye madoa yake, kila doa lina pacha wake upande wa pili, na mng'ao wa mmoja umeingia ndani ya mwenzake. Kwa hiyo unapotenga akiba unatenga wawili wawili. Ukimficha mmoja, unamficha na mwenzake. Ukimficha mmoja ukamwacha pacha wake kwenye kazi, hujaficha kitu. Programu inamwuliza pacha, na pacha anasema yote.

Kuna kisanduku kidogo cha kuweka alama: *pacha pamoja*. Juu yake siku ile paliandikwa kwa rangi ya njano: *huenda fuwele ni pacha*. Nilisoma. Nikapita. Madoa elfu moja mia mbili na thelathini ya akiba yakachaguliwa kwa bahati nasibu, na karibu yote pacha wao wakabaki nje wakisimulia.

Mimi niliyezaa pacha. Mama mkwe wangu, Msukuma wa Maswa, alinifunza tangu wana wangu hawajakatwa kitovu: ukimpa Kulwa ndizi, mpe na Doto, hata kama Doto amelala. Ukimwogesha mmoja, mwogeshe na mwenzake. Nililifuata hilo miaka kumi na mitano, mpaka soksi. Kisha nikakaa kwenye kompyuta nikasahau.

“Ulikuwa na haraka,” Daktari alisema, sasa kwa sauti ya chini. “Kulwa alikuwa hoi. Sote tulikuwa na haraka.”

“Sikuulizi sababu. Najua sababu.”

“Na kama programu mpya isingeletwa Jumatatu?”

“Imeletwa. Imekataa kufungua jalada langu, imeniandikia kwa wekundu kwamba pacha wametengana. Nimetenga upya, nimeanza kazi upya kutoka sifuri. Mara nne, Daktari. Arobaini na tatu, arobaini na nne, arobaini na tatu, arobaini na tatu.”

Aliinuka, akachukua kibao chake cha taarifa, akakiweka mbele yangu kwa nguvu hivi kwamba simu ya Kulwa, iliyokuwa mezani kwangu ikichajiwa, iliruka. Naichaji kila Alhamisi. Sijawahi kumweleza mtu kwa nini, na yeye hajawahi kuuliza.

“Soma,” alisema. “Watoto thelathini na mmoja wenye mlegeo, kuanzia Mbozi mpaka Ludewa. Kila wiki wanaandika wamepanda ngazi ngapi bila kupumzika. Mstari unapanda! Doto wako wiki hii ameandika ishirini na mbili. Dawa isiyo na kishimo inampandishaje mtoto ngazi ishirini na mbili?”

Hilo lilinibana. Lilikuwa limenibana tangu Jumatatu. Kila nilipoiona arobaini na tatu, nilijisemea: lakini Doto.

“Ukiondoa muundo leo,” aliendelea, “wauguzi wote watafunga majokofu ya dawa kabla ya sindano za saa nane. Fuwele mpya isiyo pacha ni miezi kumi na minne, tukibahatika. Watoto watarudi kwenye vidonge vyeupe.”

“Vidonge vyeupe vinapunguza kasi. Hilo lina vipimo.”

“Vinapunguza, haviponyi! Na Tegemeo inaponya, au pengine inaponya, na wewe unataka kuwanyang'anya hiyo pengine.”

“Haviendi pamoja, Daktari. Kila wiki anayochoma Tegemeo ni wiki asiyomeza vyeupe. Kama Tegemeo ni maji, tunawaacha wateremke bila breki.”

Kisha akasema lile ambalo nadhani alikuwa amelishika tangu mwanzo, na sidhani alilisema kwa ubaya.

“Na Kulwa je? Ukiondoa muundo, utajiambia nini kuhusu Kulwa?”

Nilichukua koti langu nikatoka.

*

Doto alikuwa kantini. Kila Alhamisi dereva wa shule humshusha getini, anakunywa chai, saa nane anachomwa sindano zahanati ya Jumba, kisha tunarudi nyumbani pamoja. Alikuwa amekaa karibu na jiko kwa ajili ya joto, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, sahani ya maandazi mbele yake.

“Shikamoo mama. Umegombana na kompyuta tena?”

“Marahaba. Na Daktari.”

“Heri yako. Kompyuta inakushindaga.”

“Umekula mangapi?”

“Mawili. Haya mengine yamekuja yenyewe.”

Nilikaa mbele yake. Uso ulikuwa mwembamba, lakini uso wake ulikuwa mwembamba tangu utotoni. Mkono wa kulia ulishika kikombe. Wa kushoto ulisaidia, kwa chini, kama bahati mbaya. Niliuona. Nadhani nilikuwa nimeuona siku nyingi.

Nikafikiri: mtoto huyu nina namba zake zote, na hakuna hata moja niliyoipima mwenyewe. Zote ameziandika yeye, akanionyesha, nikafurahi. Sina akiba.

“Doto, simama. Tupande ofisini.”

“Si kuna lifti?”

“Leo ngazi.”

“Mama, nimeshiba.”

“Umeandika ishirini na mbili. Zile pale ni ishirini na mbili kamili, mimi hupanda kila siku. Panda nikuone.”

Alinitazama. Kisha akacheka, akavuta kofia, akasimama kwa kusukuma meza. “Haya, twende, mwalimu wa michezo.”

Nilibaki chini. Sikutaka kuwa karibu. Ukiwa karibu unasaidia bila kujua.

Moja, mbili, tatu alipanda vizuri, hata kwa madaha. Nne. Tano. Ya sita alishika bomba la pembeni. Ya saba alileta mguu wa pili juu ya ngazi ileile kabla ya kuendelea. Nane hivyohivyo. Ya tisa alisimama, mgongo kwangu, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akakaa.

“Nafunga kamba ya kiatu,” alisema.

Alikuwa amevaa raba zisizo na kamba.

Nilipanda nikakaa ngazi moja chini yake. Mpishi alichungulia, nikampungia mkono aende zake.

“Tangu lini?” niliuliza.

“Nini?”

“Doto.”

Alikuna goti lake. “Tangu mwanzo. Kuna siku nilifika kumi na moja.”

“Kwa nini uliandika ishirini na mbili?”

“Kulwa ndiye alianza!” Sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo anayesingiziwa kuvunja sahani. “Wiki ya pili aliandika kumi na nne. Ukasoma, ukacheka, ukapika pilau. Siku ya Alhamisi, mama! Ulikuwa hujacheka tangu sijui lini. Akaniambia, mwandikie mama namba nzuri, wewe uandike ndogo kidogo kuliko yangu, maana mimi ndiye mkubwa.”

“Na yeye alikuwa anapanda ngapi?”

“Mama, acha.”

“Ngapi?”

“Mwishoni nne. Nilikuwa namsukuma kwa nyuma, kwa bega, ukiwa unatangulia na mikoba. Alikuwa anasema nisiheme kwa nguvu, utageuka.”

Sikulia. Ningeweza, lakini nilikuwa na kazi kabla ya saa nane, na nikianza huwa siishii njiani. Nilishika kifundo cha mguu wake, juu ya soksi, nikakishikilia hapo kwa muda.

“Sasa nisikilize mimi,” nilisema. “Tegemeo haifanyi kazi. Ilishonewa kishimo ambacho hakipo. Kosa ni langu. Nilitenga akiba vibaya, namba ikatoka nzuri, nikaipenda, nikatia saini.”

Anaelewa habari za akiba. Wote wawili walikua wakizisikia mezani kama watoto wengine wanavyosikia habari za duka.

“Haifanyi kazi kidogo, au kabisa?”

“Ramani inasema kabisa. Na wewe umekaa ngazi ya tisa.”

“Kwa hiyo zile sindano. Kule kutapika kwetu.”

“Ndiyo.”

“Na vidonge vyeupe ulivyovimwaga chooni.”

“Ndiyo. Kwa mkono wangu.”

“Tulikupigia makofi,” alisema. “Kulwa alivuta maji.”

“Nakumbuka.”

“Angebaki na vyeupe, angekuwepo?”

Kuna akina mama wangejua cha kusema hapo. Mimi nilimwambia ninachokijua. “Pengine angekuwepo leo. Kwa muda gani zaidi, sijui.”

Aligeuza uso ukutani. Baba yao alirudi Maswa baada ya mazishi na hupiga simu Jumapili; nilijiwazia kwamba Jumapili hii nitamwambia na yeye, na kwamba atageuza uso ukutani vilevile.

“Ukiondoa muundo, mimi nitameza vyeupe?” Doto aliuliza, bado akitazama ukuta.

“Kuanzia leo jioni.”

“Halafu?”

“Tunaanza fuwele upya. Miezi kumi na minne, kama hatutapata pacha nyingine.”

“Nitakuwepo?”

“Sijui, mwanangu.”

“Na usipoondoa?”

“Utachomwa saa nane, na wenzako thelathini watachomwa huko waliko, na mama zao watapika pilau.”

Alifikiri. Alifuta pua kwa kofia, jambo ambalo siku nyingine ningemkaripia.

“Yule Siwema wa Ludewa,” alisema, “aliniambia kwenye simu ameandika thelathini. Mtu mwenyewe hafiki hata kitandani.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungeniuliza mimi nafika wapi.”

Saa ya ukutani ilikuwa saba na nusu. Nilisimama, nikashuka ngazi moja, nikamgeuzia mgongo nikachuchumaa.

“Panda.”

“Mama! Nina miaka kumi na sita.”

“Una kilo thelathini na nne. Panda, muda unaenda.”

Alinishika shingoni. Zilibaki ngazi kumi na tatu, na nilizihesabu.

*

Daktari alikuwa amerudi kwenye kiti kile. Aliponiona naingia na Doto mgongoni, aliangalia, akaelewa, akainuka, akamsogezea Doto kiti chake. Hakuna aliyemweleza kitu. Alichukua kile kibao cha taarifa akakifunika uso chini.

“Shikamoo Daktari,” Doto alisema.

“Marahaba, mama.” Sauti yake ilikuwa imekauka. “Ngazi ngapi?”

“Tisa.”

Nilikaa kwenye kompyuta nikafungua jalada. *Ondoa muundo.* Programu iliniuliza kama nina hakika. Nikajibu. Ikaniambia kwamba taarifa itatumwa mara moja kwa wauguzi wote, kwa waandishi wa muundo, na kwa wagonjwa thelathini na wawili.

“Thelathini na mmoja,” Daktari alisema nyuma yangu.

“Thelathini na wawili. Sikumtoa kwenye orodha.”

Ikabaki nafasi ya sababu. Kialama cha kuandikia kilimetameta. Daktari aliinama karibu na sikio langu, akazungumza taratibu, kama mtu anayekuombea.

“Andika fuwele ilikuwa na kasoro. Ni kweli, Mama Kulwa. Fuwele *ilikuwa* na kasoro. Subiri nizungumze na wakubwa Jumatatu, tupange namna ya kuwaambia wazazi. Ukiandika jina lako hapo, kiapo wanakuvua. Nani atatunza akiba ya fuwele mpya? Ya Doto?”

“Mtu atakayeweka alama kwenye kisanduku.”

“Hakuna mwenye mkono kama wako.”

“Kazi ya mkono wangu ni huyo hapo amekaa anakutazama, Daktari, na hawezi kushika kikombe kwa mkono mmoja.”

Alijiinua. Nikasikia akivuta pumzi, kisha akaenda dirishani.

Niliandika: *Fuwele ilikuwa pacha. Programu ilitoa onyo. Mtunza akiba alilisoma, akawatenganisha pacha. Kosa la kweli la akiba ni asilimia 43. Kishimo hakipo. Kosa ni la mtunza akiba, T. Mwakalinga.* Nilisoma tena kuona kama kuna herufi iliyoruka. Hakukuwa na iliyoruka.

“Saa saba na dakika hamsini,” Doto alisema.

Niliweka kidole gumba kwenye kioo nikakibonyeza mpaka taa ikawa nyekundu.

Ramani ya kushoto ilizimika, wavu, kishimo, vyote. Ya kulia ikabaki peke yake.

Simu ya Doto ililia mfukoni mwa koti lake. Papo hapo ile ya mezani, kwenye chaja, ikalia na kuwaka. Mlio wake ulikuwa uleule alioutaka Kulwa mwenyewe, jogoo, tulioupigia kelele mwaka mzima aubadilishe.

Doto hakuigusa yake. Alinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukisaidia kwa chini, akaichukua ile ya mezani. Ujumbe huanza kwa jina la mgonjwa. Aliusoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho, kama unavyomsomea mtu aliye chumba cha pili.

“Kulwa,” alisoma, “usichome dawa hii tena.”